Mstari Mmoja Chini

Katika maabara ya hospitali ndogo ya kanisa, Mwanza mjini, ukisikia kibodi inalia kama choroko zinazomwagwa kwenye ungo, ulijua Odeta Masele yuko kazini. Kazi yake ilikuwa kunakili majibu ya vipimo kutoka kwenye daftari la maabara na kuyaingiza kwenye kompyuta, ili yachapwe na kurudishwa kwa madaktari walioleta sampuli. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na saba. Macho yake hayakuwa kwenye kioo cha kompyuta. Yalikuwa kwenye daftari. Kidole cha mkono wa kushoto kilishika mstari, mkono wa kulia ukacheza kwenye namba, na wagonjwa waliopita pale dirishani walisimama kidogo wakamtazama, kama watu wanavyomtazama fundi cherehani hodari.

Alizaliwa Busisi, kwa baba mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wachache. Sista mmoja wa misheni ndiye aliyemfundisha kupiga chapa. Sista huyo aliwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa cha meza wasione herufi, na aliyechungulia alipigwa rula vidoleni. Odeta alipigwa mara mbili tu, zote wiki ya kwanza. Baada ya hapo hakuchungulia tena maisha yake yote.

Mumewe alifariki mwaka 2011, akamwachia nyumba ya vyumba vitatu Igogo na binti mmoja, Paskazia, ambaye sasa ni mwalimu Geita. Odeta hakuwa mtu wa makuu. Asubuhi alikwenda kazini kwa miguu, jioni alirudi na mboga mkononi, Jumapili aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Ungemuuliza ana nini cha kujivunia hapa duniani, angeona haya kwanza, halafu angekuonyesha mikono yake.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 programu ya zamani, ile ya kioo cheusi na maandishi ya kijani, ilikufa isifufuke. Hospitali ikamtafuta mtu wa kuandika mpya. Akaja Jairo Otuoma, mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Shirati, mwenye sauti ya chini na miwani inayoteleza puani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Vuta kiti.”

Alifungua kompyuta yake, akamwonyesha jedwali alilolitengeneza. Majina ya wagonjwa yalishuka mstari kwa mstari, na mbele ya kila jina kulikuwa na visanduku vya kujaza. Jairo alikamata kipanya, akabofya kisanduku, akaandika, akabofya kingine, akaandika.

Odeta aliangalia mpaka mwisho. “Ni nzuri,” alisema. “Ila, mwanangu, mkono wangu wa kushoto uko kwenye daftari. Wa kulia uko kwenye namba. Hicho kipanya nikishike kwa mguu?”

Jairo alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akachomoa kijitabu mfukoni. “Basi niambie, mama. Wewe unatembeaje humo ndani?”

Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Odeta alifikiri, akaweka mikono juu ya meza tupu, akafumba macho, maana njia yake humo ndani hakuijua kwa kichwa, aliijua kwa vidole.

“Naandika jibu. Moja kama hana vimelea, mbili kama anavyo. Nabonyeza Enta, nashuka kwa mtu anayefuata. Sitaki kwenda kulia, nataka kushuka. Nikitaka kulia, nabonyeza Tab. Mishale inihamishe kisanduku kwa kisanduku. Lakini nikikosea, nabonyeza F2, kisanduku kinafunguka. Hapo mishale isinihamishe tena, itembee ndani ya maneno mpaka nilipokosea. Narekebisha. Enta. Nashuka, naendelea.”

“Na ukifika mstari wa mwisho?”

“Nibaki hapo hapo. Nisirushwe juu bila kuomba.”

Jairo aliandika yote, hata ile F2, akaipigia mstari. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba jedwali alilokuwa akilitumia lilikuja na tabia zake, na kulifanya litii vitufe vya Odeta kulimlazimu aandike maelekezo yake mwenyewe juu ya yale ya asili. Haikuwa sehemu ya mapatano. Alifanya kwa ajili ya mama mmoja tu. Siku ya nne alirudi, akamkalisha, akamwambia ajaribu. Odeta alimaliza majina thelathini kabla chai yake haijapoa. Mchana alimpeleka Jairo kwa mama lishe wa nyuma ya hospitali, wakala ugali kwa sato, na tangu siku hiyo neno “mwanangu” alilomwita halikuwa tena la adabu tu.

Mwaka ukapita, na nusu nyingine. Kibodi ikaendelea kulia.

Mwezi wa saba, mwaka 2024, mwanamke mmoja alifika kwenye dirisha la maabara akiwa amejifunga kitenge cheusi. Jina lake Sabina. Alikuwa ametoka Nansio kwa feri ya asubuhi, na mkononi alishika karatasi mbili zilizokunjwa pamoja. Hakupiga kelele. Alimwuliza msichana wa mapokezi ni nani anayeweza kumsomea karatasi hizo zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu yeye amezisoma nyumbani na hazipatani.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya hospitali hii, ya mwezi wa tatu. Ilisema makohozi ya mumewe, Ngosha Luhende, fundi wa injini za mitumbwi, hayana vimelea vya kifua kikuu. Ya pili ilitoka kwingine, ya mwezi wa sita, na ilisema vimelea vimejaa. Kati ya karatasi hizo mbili Ngosha alikuwa amekohoa miezi mitatu akinywa dawa za maji za dukani, na wiki moja baada ya ile ya pili akafa.

Mkuu wa maabara, Winnie, alifungua daftari la ule mwezi wa tatu. Namba kumi na nane: Ngosha Luhende, vimelea vipo. Kalamu ya mpimaji ilikuwa wazi kabisa. Akafungua kompyuta: hakuna. Namba kumi na tisa kwenye daftari alikuwa bibi mmoja wa Nyegezi, hana kitu. Kwenye kompyuta anavyo, na tangu wakati ule alikuwa akimeza dawa za ugonjwa usio wake. Winnie akapanda juu na kidole, akashuka tena. Kuanzia namba kumi na tatu mpaka mwisho wa ukurasa, kila jibu lilikuwa limekaa mstari mmoja chini ya mwenyewe. Namba kumi na tatu alibaki mtupu, kompyuta ikamwandikia “majibu bado”. La mwisho lilikuwa limeandikwa juu ya la kabla yake. Na kwa kuwa wengi pale walikuwa hawana ugonjwa, “hakuna” ilikuwa imeangukia juu ya “hakuna”, mtu yeyote asione tofauti.

Wakamwita Odeta.

“Mama Odeta, ukurasa huu ni wewe uliyeuingiza?”

Odeta alitazama tarehe. Alijaribu kuikumbuka siku ile akashindwa. Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. “Ni mimi,” alisema. “Hakuna mwingine.”

Kikao kilikaa Alhamisi. Alikuwepo Winnie, katibu wa hospitali, Odeta, na Jairo, aliyeitwa ajibu swali moja tu.

“Programu inaweza kuruka mstari yenyewe?” katibu aliuliza.

Jairo hakuwa mtu wa kujikinga kwa uongo. Alijibu alichoamini. “Nimeijaribu mara nyingi sana. Haiwezi.” Ili wote waone, alifungua jedwali mbele yao, akaandika moja, akabonyeza Enta. Alama inayoonyesha kisanduku cha kuandikia ikashuka mstari mmoja. Akaandika mbili, Enta, mstari mmoja. Alifanya hivyo mara kumi, polepole, na mara zote kumi ilishuka kama ilivyopaswa.

Watu wote mezani walikuwa wakitazama kioo. Odeta naye alitazama, labda kwa mara ya kwanza tangu programu ile iletwe. Mpaka dakika hiyo ndani yake kulikuwa na sauti ndogo iliyosema, si mimi, mimi siruki mstari. Alipoona ile alama inashuka kwa utii mara ya kumi, sauti ile ikanyamaza.

“Una la kusema, mama?” Winnie aliuliza, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa kuwa alimpenda.

“Sina. Mashine imefanya nilichoiambia.”

Barua waliyompa ilitumia neno “uzembe”, kisha chini yake neno “kupumzishwa”. Odeta aliisaini, akakabidhi ufunguo wa droo, akaenda nyumbani kwa miguu mchana kweupe, saa ambayo hakuwa ameiona njia ile kwa miaka mingi isipokuwa siku za misiba.

Jirani aliyemwona alimpa pole akidhani anaumwa. Odeta aliitikia. Binti yake alipopiga simu kutoka Geita alimwambia yuko likizo, na siku ziliposogea akamwambia likizo imeongezwa.

Kilichomtesa si barua. Kilichomtesa ni vidole. Kama mikono ile ingekuwa imemwambia siku ile kwamba imeteleza, angejua pa kuanzia kujilaumu. Lakini haikumwambia kitu. Iliruka mstari, ikaendelea kucheza kwa furaha, ikaua mtu, na yeye akaamka kwenye kiti akaenda kula chakula cha mchana. Tangu lini imekuwa ikimdanganya? Mama yake, miaka yake ya mwisho kule Busisi, alianza kwa kusahau majina ya ng'ombe, akamalizia kwa kusahau jina la Odeta. Labda ndivyo tatizo hilo linavyoanza, aliwaza. Labda kwangu limeanzia mikononi.

Alikwenda kupima macho. Mpimaji akamwambia kwa umri wake ana macho ya kumshukuru Mungu. Hilo likamwondolea tumaini la mwisho, kwamba kosa ni la macho. Alirudisha daftari la majina ya wabatizwa alilokuwa akiliandikia jumuiya yao. “Mtafuteni mwenzangu,” alimwambia mwenyekiti, “mimi siaminiki tena.” Mwenyekiti akadhani ni unyenyekevu. Akiwa amekaa barazani peke yake, mara nyingine alikuta vidole vya mkono wa kulia vikicheza juu ya paja, moja, moja, mbili, moja, vikishuka orodha isiyokuwepo. Alivikunja ngumi, akavishika kwa mkono mwingine.

Mwezi wa kumi na moja alivaa gauni la kanisani, akapanda feri ya kwenda Nansio.

Hakuwa ameombwa na mtu. Aliuliza bandarini nyumba ya marehemu fundi Ngosha, akaelekezwa upande wa juu wa mji, nyumba ya tofali za kuchoma ambayo mlangoni palikuwa na injini ya mtumbwi iliyofunuliwa nusu, banda la kuku limejengwa pembeni yake. Sabina alikuwa anaanua dagaa.

“Karibu, mama,” alisema, akimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

“Ahsante, mwanangu. Mimi hunijui. Naitwa Odeta. Ile karatasi ya mwezi wa tatu, jibu lake mimi ndiye niliyeliandika.”

Sabina aliweka ungo chini. Alikaa kwenye kizingiti bila kumkaribisha kiti, halafu akasogea kidogo, pakawa na nafasi, na Odeta akakaa hapo. Kuku alipanda juu ya injini akashuka.

“Ulikuwa unamjua?” Sabina aliuliza.

“Hapana. Alikuwa jina tu.”

“Siku alipoletewa ile karatasi alifurahi sana,” Sabina alisema. “Alikuwa anaogopa, unajua. Baba yake alikufa kwa kifua. Aliisoma akiwa amesimama pale pale uliposimama wewe ulipokuja. Akaniita. Akaenda mwaloni kwa wavuvi akaleta sangara mkubwa, nikamwambia wa nini mkubwa hivi, akasema leo tunakula kama watu wazima. Alialika na majirani.” Aliokota dagaa aliyedondoka, akamrudisha kwenye ungo. “Mimi yule samaki ndiye ananiuma. Sijui kwa nini. Kila nikilala namwona yule samaki.”

Odeta alilia bila sauti, na Sabina hakumbembeleza wala hakumfukuza. Ilipokaribia saa ya feri Sabina aliinuka, akamsindikiza mpaka njia panda. Pale akamwambia, “Sijui nikwambie nini, mama. Nikikusamehe nitakuwa nasema uongo. Lakini umekuja. Wengine hawakuja.”

Hayo ndiyo Odeta aliyorudi nayo Mwanza.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Jumamosi saa nne asubuhi, Jairo Otuoma alibisha hodi Igogo. Alikuwa amekonda. Alisalimia, akakaribishwa ndani, akakataa chai, kisha akaikubali, asiinywe.

“Mama, nimekuja kukwambia jambo. Naomba unisikilize mpaka mwisho.”

Alimwambia kwamba jedwali lile lile alikuwa amewauzia watu wengine, kituo kimoja cha utafiti wa samaki. Pale kuna mzee anaingiza vipimo vya urefu wa sato na sangara, mamia kwa siku, naye hashiki kipanya. Wiki iliyopita yule mzee alimwita akamwambia, programu yako inaruka. Jairo akabisha. Mzee akasema, simama hapa nyuma yangu utazame. Akaandika urefu wa samaki, akakosea tarakimu, akabonyeza F2, akarekebisha, akabonyeza Enta. Alama ikashuka mistari miwili.

Odeta aliificha mikono yake mapajani.

“Kisanduku kikiwa kimefungwa, mama, Enta inapokelewa na maelekezo yangu peke yake, tunashuka mstari mmoja. Lakini ukikifungua kwa F2, kisanduku chenyewe kinakuwa kama mtu mwingine mlangoni. Kinaipokea Enta kwanza, kinajifunga, jedwali linashuka mstari mmoja kwa tabia yake ya asili. Halafu kitufe kile kile kinafika na kwangu, nami nashusha mwingine. Kila mmoja anadhani kazi ni yake. Siku ile ya mwezi wa tatu nimeitazama kwenye kumbukumbu za programu. Namba kumi na mbili ilirekebishwa. Ulikosea tarakimu, ukairekebisha. Baada ya hapo ndipo mistari ikaruka.”

Nje mtu alikuwa anapita akiuza maandazi. Odeta alisubiri mpaka sauti yake ikaisha.

“Kwa hiyo si vidole vyangu.”

“Si vidole vyako, mama. Ni mimi.”

Aliitazama mikono yake mapajani. Mtu angetegemea furaha ije, hata kidogo. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa baridi, na kilikuja na swali.

“Kwenye kile kikao ulijaribu mara kumi. Ulibonyeza F2 hata mara moja?”

“Hapana.”

“Nilikwambia F2. Nilikuona ukiiandika. Uliipigia mstari.”

Jairo alivua miwani. “Niliipigia mstari,” alisema, akalia kama mtoto, mikono usoni. Odeta alimpenda, lakini hakuinuka kumshika bega. Miezi saba alikuwa amelala na mauti ya mtu mikononi mwake. Alimwacha alie.

Kisha ghafla alinyoosha mgongo.

“Jairo. Mimi hukosea.”

“Mama?”

“Si kila siku. Lakini kila wiki kuna tarakimu nakosea, narekebisha. Mara moja, mara mbili. Tangu ulipoleta programu mpaka waliponitoa ni mwaka mmoja na nusu.” Aliona uso wa Jairo ukibadilika, akajua hakuwa amelifikiria. “Si ukurasa mmoja, mwanangu. Wamenionyesha mmoja tu.”

Walikwenda hospitali asubuhi hiyo hiyo. Winnie aliwapokea kwenye korido, akasikiliza, akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Siku ya Jumatatu katibu alimwandikia Odeta barua ya pili, yenye maneno mazuri, ya kumwomba radhi na kumrudisha mahali pake. Aliipokea akaikunja. “Kiti kitasubiri,” alisema. “Nileteeni madaftari.”

Walifanya kazi hiyo wiki tatu, kwenye chumba cha kuhifadhia mafaili, meza moja watu wawili. Odeta alisoma daftari kwa sauti, namba, jina, jibu; Jairo alitazama kwenye kompyuta akajibu “sawa”. Ukurasa baada ya ukurasa, sawa, sawa, sawa. Halafu jina ambalo baada yake Jairo alinyamaza. Walijifunza kuogopa ukimya huo. Walikuta kurasa thelathini na moja zilizoshuka. Nyingi hazikumdhuru mtu, “hakuna” juu ya “hakuna”. Lakini walibaki watu saba ambao ugonjwa wao ulikuwa umeandikiwa jirani wa mstari wa chini, na majirani hao saba waliomezeshwa dawa za ugonjwa wasiokuwa nao.

Winnie na wauguzi wawili walianza kuwatafuta. Katika wale saba, wa kwanza ni Ngosha. Wanne walikuwa wamezidiwa wakaenda kupima kwingine, wakapona au wanaendelea kupona. Wa sita alikuwa mama wa watoto watatu wa Igogo, mitaa miwili kutoka kwa Odeta, na alikuwa amefariki tangu Desemba ya mwaka 2023. Odeta alikumbuka msiba ule. Alikwenda kuimba pale na kwaya, akachukua kikombe cha chai kutoka mkononi mwa mama wa marehemu.

Hilo lilimlaza kitandani siku mbili. Paskazia alikuja kutoka Geita, na safari hii Odeta alimweleza yote. Binti alikasirika. Alitaka hospitali ishtakiwe, alitaka Jairo ashtakiwe, alitaka mtu fulani asimame mbele ya watu aseme. Odeta alimsikiliza. “Waache wanaostahili kukasirika ndio wakasirike,” alisema mwishowe. “Sabina. Na watoto wa huyu wa hapa jirani. Sisi tuna zamu yetu nyuma yao.”

Jairo alirekebisha jedwali. Sasa kisanduku kikiwa wazi maelekezo yake yanakaa kando, yanasubiri. Alimwomba Odeta ajaribu, naye akajaribu: kosa, F2, rekebisha, Enta, mstari mmoja. Akarudia mara hamsini, akatumia Tab, akatumia mishale, akafika mwisho wa orodha akabaki hapo hapo. “Sasa ni sawa,” alisema.

Akarudi kwenye kiti chake kwenye maabara. Wenzake walimwekea maua mezani. Akafungua daftari, akaweka kidole cha kushoto kwenye mstari, akaandika moja, akabonyeza Enta, na kichwa chake kikainuka chenyewe kutazama kioo. Mstari mmoja. Akashusha kichwa, akaandika, Enta, kichwa kikainuka. Alijikaza siku ile, na iliyofuata. Alijisemea kwamba programu imepona, kwamba ameijaribu mwenyewe. Shingo haikusikia. Majina thelathini yalimchukua asubuhi nzima, na mlio wa kibodi ulikuwa wa kudonoa, kimya kati ya kila kitufe. Wagonjwa walipita dirishani bila kusimama. Mwisho wa mwezi aliandika barua yeye mwenyewe, kwa kalamu, ya kuomba kustaafu.

Jairo alikwenda Nansio peke yake. Sabina alimsikiliza akiwa amesimama. Alimwuliza swali moja tu: “Yule mama anajua kwamba si yeye?” Jairo akasema anajua. “Afadhali,” Sabina alisema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wa saba hajapatikana. Jina lake ni Kija Jonathan, mchuuzi wa dagaa, na kwenye fomu ameandika namba ya simu na jina la mwalo mmoja upande wa Sengerema. Ugonjwa wake uliandikwa kwa mtu mwingine mwezi wa nane mwaka 2023. Namba ya simu siku hizi anaipokea msichana wa Kahama aliyeisajili upya kwa jina lake. Wauguzi walikwenda mwaloni mara moja, hawakumkuta, na wana kazi nyingine.

Odeta amekwenda mara tatu. Siku hizi gari halisubiri feri, linavuka kwenye daraja jipya la Busisi, na anafika mapema. Anashuka barabarani, anateremka mpaka wanapoanika dagaa, anawauliza wanawake mmoja mmoja. Wapo wanaomkumbuka Kija. Mmoja anasema alihamia kisiwa cha Ukara, mwingine anasema alirudi kwao, hajui kwao ni wapi. Walipomwuliza kama ni mwanawe, Odeta alisema hapana.

“Alikuwa anakohoa?” anawauliza.

“Alikuwa anakohoa,” wanasema.

Mwezi huu anapanga kwenda Ukara.